Kipimo cha Kidole cha Baba

Kiharusi kilimpata baba alfajiri, akijiandaa kwenda msikitini. Kilimchukua mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta na ulimi mzito. Akili haikuguswa. Daktari alituambia hivyo, nasi tuliiona machoni mwake kila alipoanza sentensi na mmoja wetu akaimaliza.

Tulikuwa hodari wa kumalizia. Baba akisema "le", mama alileta leso, dada aliuliza kama alete chai, nami nilikuwa nimeshasimama kufungua dirisha kwa kudhani analalamikia joto la leo. Tuliyafanya haya kwa mapenzi. Kwetu si adabu kumwacha mzazi ahangaike ilhali wewe una miguu na mikono. Mtoto aliyelelewa vyema hangoji kuagizwa mara mbili. Basi tulimkimbilia. Na baba, aliyekuwa karani wa mizigo Changamwe kwa miaka mingi, mtu aliyezoea kuzisahihisha barua za wakubwa wake kabla hazijatoka, akaanza kupokea chochote kilicholetwa, ili yaishe.

Dada yangu alikuwa ameshaposwa kabla ya maradhi hayo. Nikaha ilipangwa mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni baba. Jumapili moja baba mkubwa alivuka kutoka Likoni kuja kutujulia hali. Akaketi sebuleni, akanywa kahawa, akatutuliza kwa habari ya nikaha: yeye atasimama wakili, amwoze binti wa mdogo wake, na hakuna haja ya watu kubabaika. Alilisema jambo hilo juu ya kichwa cha baba, kama mtu anayejadili mahali pa kuweka kabati. Baba akauinua mkono wa kushoto.

"Mi," alisema.

"Usijali, ndugu yangu," baba mkubwa akamjibu. "Mimi nipo."

Niliuona ule mkono ukishuka na kutua mapajani. Wengine hawakuuona, au waliuona wakadhani ni kuchoka. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Barua ya kuomba kazi naisoma mara nyingi hata maneno yananigeuka, kisha siipeleki. Silabi ile moja niliibeba siku nzima. Huenda alitaka kusema "miguu inaniuma". Huenda alitaka mishikaki, tuliyokuwa tukiipenda enzi za utoto wetu, ingawa hilo nililiona la kipuuzi hata nilipokuwa nikiliwaza. Mwishowe nikabaki na neno moja tu lililoingia mahali pake: mimi. Baba alitaka kumwoza bintiye mwenyewe, na sikuwa na njia ya kujua kama ndivyo, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyemwacha afike mwisho wa neno.

Simu tulikuwa tumeijaribu. Kidole gumba cha kushoto kilikosa herufi, na kila mtetemo kioo kiliuchukua kuwa ni amri. Aliiweka chini, hakuigusa tena. Lakini chumbani kwake, juu ya meza ya mbao, palikuwa na kompyuta yake ya zamani, aliyoipata ofisi yao ilipobadilisha mashine. Ni ile yenye mfumo wa kale, wa kilima cha kijani na mbingu ya samawati, ambao walioutengeneza wameshauacha mkono. Mtandao ilikuwa haiwezi tena. Ila kibodi yake ilikuwa na vitufe vikubwa vya kuzama, vya kujua kwamba umebonyeza, na baba aliifahamu kama afahamuvyo sauti ya mlango wake.

Nimesomea mambo ya kompyuta chuo kikuu. Kazi sijapata, lakini hili niliona naliweza. Mifumo mipya huyaficha mambo yake nyuma ya picha na maswali ya upole. Ule wa zamani una mlango. Unaandika neno moja katika kisanduku cha amri, na inafunguka rejista, ghala ambamo mfumo umeweka kila jambo ulilowahi kuuambia na kila jambo ulilojiamulia wenyewe: rangi ya dirisha, mwendo wa kipanya, muda ambao menyu husita kabla ya kufunguka. Kushoto mna folda ndani ya folda, kama nyumba ambayo kila chumba kinatokea chumba kingine. Kulia mna majina na thamani zake. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Hakuna swali la "una hakika?" Ukibadilisha namba, imebadilika, na kama umebadilisha isiyofaa, mashine inaweza kukataa kuwaka tena.

Kwa mtu wa aina yangu pale ni mahali pabaya. Kabla ya kugusa kitu nilitoa nakala ya rejista nzima, nikaiweka kwenye diski ndogo, kisha nikatoa nakala ya nakala. Nilinong'ona bismillahi kila nilipobadilisha thamani moja.

Nilianza na vitufe. Mkono mmoja wa kushoto hauwezi kufika kila pahali, na kitufe cha kushukia mstari kiko mbali, upande wa kulia. Katika rejista unaweza kuuambia mfumo kwamba kitufe fulani sasa ni kingine. Huandiki jina lake. Unaandika msururu wa tarakimu na herufi ambao mashine pekee ndiyo inauona kuwa na maana. Kitufe cha herufi kubwa, kilicho karibu na kidole kidogo cha kushoto, nikakifanya cha kushukia mstari. Cha juu yake nikakifanya cha kufutia. Nikakata vipande vya plasta, nikaviandika kwa kalamu ya wino, nikavibandika.

Kisha nikaufikia muda. Mkono unaotetemeka hubonyeza kitufe kimoja mara tatu, na herufi zikajipanga kama siafu. Mfumo ule una njia ya kusubiri: unauambia usiikubali herufi mpaka kidole kiwe kimetulia juu ya kitufe kwa muda fulani. Lakini muda gani? Hapo ndipo nilipofanya kosa.

Sikumuuliza baba. Ilinipasa kumketisha mbele ya ile mashine, nimwambie bonyeza, bonyeza tena, jaribu hiki, kama vile mwalimu na mtoto wa chekechea, na nilihisi kwamba mtoto kumpima babake namna hiyo ni kumvunjia heshima. Basi nikasubiri wakati anapolala baada ya adhuhuri, nikaingia pole pole, nikakaa kitini pake. Nikaufunga mkono wangu wa kulia kwa leso ya mama, na nikauvika wa kushoto soksi mbili. Nikabonyeza. Nikaongeza muda. Nikabonyeza tena. Nilifikiria mkono wake ukianguka mapajani siku ile ya baba mkubwa, na kila nilipoufikiria niliongeza kidogo. Nikakuza maandishi mpaka neno moja likajaza upande wa kioo. Nikageuza rangi zote, weusi kwa manjano, kwa ajili ya macho yake.

Siku ya kumkaribisha tulikuwa wote mlangoni. Mashine ikawaka, ikapiga ule muziki wake mfupi. Baba akaketi. Akautazama ule weusi na manjano kwa muda. Kisha akakinyoosha kidole cha shahada cha kushoto, kilichotetemeka kidogo kuliko nilivyotarajia, akabonyeza kitufe na kukiachia.

Hapakutokea kitu. Akabonyeza kingine. Hapakutokea kitu. Mimi nilijua sababu: ule muda niliouweka ulitaka kidole kikae mpaka mtu achoke, na yeye alibonyeza kama mtu anayejua kuandika. Nilitaka kumwambia ashikilie, lakini kabla sijasema alikuwa ameuondoa mkono mezani na kuutazama kwa namna ambayo sitaki kuiona tena. Alidhani na wa kushoto nao umekufa. Akakigeuza kiti, akaelekea ukutani.

Hakuikaribia ile meza kwa siku kadhaa. Mama, ambaye hushona nyumbani, alinikuta jikoni nikiwa nimesimama tu na sufuria mkononi.

"Kwani ulimuuliza?" akasema.

Nikamwambia sikumuuliza, nilimwonea haya.

"Basi umemshonea mtu kanzu bila ya kumpima, ukamvika mbele za watu. Wataka akushukuru?"

Nikamuuliza nifanye nini. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepata kiharusi. "Mpime," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilikwenda kwa baba asubuhi, akiwa ameshakunywa uji. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, chini ya kiti chake. Nikamweleza kwamba mkono wake hauna neno. Kwamba mashine ndiyo iliyokataa, na iliyoikataza ni mimi. Nikasema naomba radhi, na naomba kupima kidole chake. Baba akaunyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini, kama mtu anayempa fundi mkono apime urefu wa shati.

Tukaanza upya. Nilirudisha vitu karibu vyote vilipokuwa, kisha tukaenda mbele kidogo kidogo. Dirisha la kawaida la mipangilio lilikuwa na machaguo machache tu, na kidole cha baba kilikuwa katikati ya machaguo mawili: moja lilimwachia herufi zijirudie, la pili lilimfanya angoje. Ndani ya rejista palikuwa na nafasi ya kuandika namba yoyote iliyo kati yake. Niliandika namba, nikafunga, nikaingia upya ili mfumo uisome, baba akabonyeza, akanionyesha kwa kidole: juu, chini, chini tena. Kila tulipoingia upya mashine ilipiga muziki wake, na mama akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mwaingia ama mwatoka humo?"

Ile mashine ni nzito kuamka. Kati ya kufunga na kuingia palikuwa na kitambo ambacho hakuna lolote la kufanya isipokuwa kutazama kioo. Katika kitambo kimoja kama hicho baba akaanza kusema. Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi, macho yangu yalikuwa yakingoja kile kilima cha kijani, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi sikuwa na pa kukimbilia.

"Ma," akasema. Akapumua. "Mato. Yangu." Akapumua tena, akaonyesha ule weusi na manjano. "Mazima."

Niliangua kicheko kabla sijajizuia, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Macho yake hayakuwa na ila yoyote. Mimi ndiye niliyeyaongezea upofu. Alitaka dirisha la kijivu, lile la kale kabisa, kama lilivyokuwa ofisini kwake Changamwe, na maandishi ya kawaida. Nikamrudishia. Vile vya plasta alivikubali, isipokuwa kitufe cha kufutia, alichotaka kibaki kulekule mbali. Sikuelewa kwa nini. Baada ya kazi kidogo nikaelewa: akikosea alipendelea kuuvusha mkono polepole na kufuta kwa kusudi, kuliko kugusa kwa bahati mbaya na kupoteza herufi aliyoihangaikia.

Tulipopata ile namba, aliandika jina la mtaa wetu, Mtopanga, bila kosa. Akalitazama. Akashuka mstari.

Tulidhani ataandika dua, au salamu kwa mama. Tulikuwa tumesimama nyuma yake, na dada alikuwa na machozi tayari. Akaandika, herufi moja moja, nasi tukazikazia macho:

"msinimalizie maneno"

Mama akaketi kitandani. Baba akashuka mstari mwingine, akaandika kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukimtetemeka sasa kwa uchovu:

"binti yangu nitamwoza mimi kwa ulimi wangu"

Dada akatoka chumbani. Nilimsikia uani, analia na kulikemea bomba la maji kwa wakati mmoja.

Baba mkubwa alipoambiwa hakufurahi. Si mtu mbaya. Amemlea mdogo wake baada ya babu yangu kufariki, na kumsemea ndiyo kazi aliyoifanya tangu baba yuko shule. Alikuja, akayasoma yale maneno kwenye kioo, akasema kwamba maandishi ni maandishi tu, nikaha ina masharti, jamaa zetu wa Likoni watakuja na wazee wao, na je, ulimi ukigoma mbele ya kadamnasi? Atakayeaibika ni nani? Aliuliza hivyo akinitazama mimi, kana kwamba nimemtia mgonjwa fitina kwa mashine. Nilikuwa nimeshayawaza hayo yote na mabaya kuliko hayo.

Tukamwendea shehe wa msikiti wetu, mzee wa sauti ndogo aliyemsomesha dada Kurani chuoni. Akamsikiliza baba mkubwa mpaka mwisho. Kisha akamgeukia baba, akamuuliza jina la bintiye. Baba akalitaja. Ilichukua muda, na shehe alikuwa akiitazama miguu yake, hana haraka.

"Nimelisikia," shehe akasema. "Ulimi mzito si ububu. Yakifahamika, yametosha. Mwenye mali yupo, wakili wa nini?"

Baba mkubwa akasema, "Na akishindwa?"

"Akishindwa atakuteua wewe hapo hapo, na hilo pia atalisema mwenyewe."

Kila siku baada ya hapo baba aliketi kwenye mashine yake asubuhi. Aliyaandika maneno ya kuozesha, akayasoma kwa sauti, akaigawa mistari mahali ulimi ulipotaka pumzi. Neno lililomshinda alilifuta, akatafuta jingine jepesi lenye maana ile ile. Sisi tulikuwa na kazi ngumu zaidi: kunyamaza. Mama alijitia kitambaa mdomoni akishona. Mimi nilitoka nje.

Nikaha ikawa nyumbani kwetu, kwa sababu ya ngazi za msikiti. Wanaume tulijaa sebuleni na ubarazani, wanawake walikuwa ndani na dada, na pazia katikati. Shehe akasoma hotuba. Bwana arusi akaketishwa mbele ya baba, goti kwa goti, ili washikane mikono ya kulia. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kwa adabu hiyo akainama kuuokota mkono wa baba uliolala pajani. Baba akatikisa kichwa. Akautia mkono wa kushoto chini ya ule uliokufa, akauinua mwenyewe, akaukabidhi.

"Nime," akasema. Feni ilikuwa ikizunguka juu. "Nimekuoza." Akapumua. "Binti yangu." Akalitaja jina lake lote, na lilitoka limepinda mahali pamoja, lakini lilikuwa jina lake. Kisha ulimi ukasimama.

Niliyatazama mazulia. Nililijua neno lililofuata, nililiona lilivyoandikwa, mwanzoni mwa mstari wake. Kando yangu midomo ya baba mkubwa ilikuwa ikisogea bila sauti. Ukimya ukarefuka mpaka mtu ubarazani akakohoa, na bwana arusi, kwa kumhurumia mkwewe, au kwa hofu, akasema haraka, "Nimekubali kumuoa, kwa mahari—"

"Taratibu, bwana," shehe akasema. "Mzee hajamaliza."

Kicheko kidogo kikapita. "Ana njaa ya pilau huyo," mtu akasema, na wengine wakamnyamazisha. Kijana akainamisha kichwa. Mimi nilijua kinachofuata: ilibidi baba aanze tena, na nguvu alizokuja nazo alikuwa ameshazitumia.

Shehe hakumhimiza. Baba akafumba macho, akayafumbua. Hakunitazama mimi, wala nduguye. Alimtazama kijana.

Akaanza mwanzo. Nimekuoza. Binti yangu. Jina. Alipofika pale pa kwanza aliposimama, akasimama tena, na safari hii hakuna aliyekohoa. Nilisikia nyuma ya pazia kwamba hata wanawake walikuwa kimya, na wanawake wa kwetu hawanyamazi arusini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, "kwa mahari," na pumzi, "tuliyopatana."

Shehe akamwashiria bwana arusi. Akajibu, polepole mno sasa, kila neno peke yake. Shehe akainua mikono, tukaitikia amina, na vigelegele vikapasuka ndani. Sauti ya mama niliitambua kati ya zote.

Baba alikuwa amelowa jasho. Alilipia yale maneno: jioni yote ulimi haukumrudia, wala ile mashine hakuitaka, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama wa kulia. Tulimlaza kitandani na kanzu yake. Nilipoingia kuchukua masinia nilimkuta baba mkubwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bilauri ya maji mkononi. Alikuwa amemuuliza mdogo wake jambo, sikulisikia. Baba alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

Baba mkubwa alingoja. Nikayakusanya masinia taratibu, nikayapanga, nikayabeba mpaka mlangoni, naye alikuwa bado anangoja, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba neno liko njiani.